Mti Usio na Ploti

Tarehe 13 Novemba 2023 serikali ilitupa likizo ya kupanda miti. Si unaikumbuka? Jumatatu nzima, hakuna shule, hakuna kazi, kila Mkenya achukue mche aende akapande. Lengo lilikuwa, na bado ni, miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Wakubwa wakatoka na gambuti mpya, wakashika jembe kama mtu anayeshika maiki, picha zikapigwa. Halafu 10 Mei 2024 tukapewa siku nyingine, safari hii ya kuwakumbuka waliokufa kwenye mafuriko, na miche ikatajwa tena.

Sasa niambie wewe unayeishi Gatwekera, ama Laini Saba, ama kule ndani ndani Kawangware 56: wako uliupanda wapi?

Siulizi kwa ubaya. Nyumba ni futi kumi kwa kumi. Ukifungua mlango unakanyaga mtaro, ukiruka mtaro uko mlangoni kwa jirani. Ukibahatika kuna kamba ya kuanika nguo, na hata hiyo ina wenyewe. Hesabu ya bilioni 15 ilipigwa na watu walio na mahali pa kuchimba shimo. Sisi wengine siku hiyo tulilala mpaka saa nne.

Mimi nina jibu ambalo nikilisema wasee hucheka: panda kwenye ndoo, halafu uuzuie usikue mkubwa. Yaani bonsai. Najua unachowaza. Hayo ni mambo ya watu wa Karen, ama ya yule mzee wa filamu za karate. Lakini hebu nivumilie kidogo. Ukifuatilia ni nani huweka miti kwenye vyungu na kwa nini, halafu ufuatilie pia miti ya kigeni iliyojaa hapa Nairobi ilifikaje, utaona hii stori inatuhusu sisi kuliko inavyowahusu wao.

Tuanze mbali, Australia. Huko kuna jamii ya miti inayoitwa Melaleuca. Ni maneno mawili ya Kigiriki yaliyogandishwa pamoja, nyeusi na nyeupe, na inasemekana ni kwa sababu ya shina jeupe lililopakwa weusi na moto wa porini. Kuna mmoja katika jamii hiyo ambao Waaustralia huuita kwa jina lenye maana ya gome la karatasi, na ukiuona huhitaji kuuliza sababu. Gome linatoka tabaka kwa tabaka, laini, jembamba, kama chapati ya yule mathee anayejua kuikunja vizuri. Wenyeji wa asili wa nchi hiyo walikuwa wakilitumia tangu zamani, kabla meli yoyote ya Mwingereza haijatia nanga: walifungia samaki kabla ya kumweka kwenye makaa, walizibia vibanda visivuje, walitandikia vyombo vya kubebea watoto wachanga. Mimi nitauita mgome-karatasi, na kama una jina bora zaidi lilete.

Mgome-karatasi ni mti wa kinamasi. Unaishi miguu ikiwa majini. Na hapo ndipo watu wa bonsai walipoupendea, kwa sababu kitu kinachoua mti wa chunguni haraka kuliko vyote ni kiu. Chungu ni kidogo, udongo ni kidogo, jua la siku moja linatosha kuumaliza. Huu unaweza kuuweka kwenye beseni lenye maji nusu, uende zako, urudi jioni uukute unacheka. Ukiukata shina unachipua tena, hata kwenye mti mkavu wa zamani ambapo miti mingine ingekataa. Unanenepa shina haraka. Na lile gome linaufanya mti wa miaka michache uonekane kama mzee wa kijiji.

Cha kushangaza ni kwamba Waaustralia wenyewe waliuona umechelewa. Walipoanza kupenda bonsai walifuata vitabu vya Japani neno kwa neno: misonobari, mireteni, mimepo ya Kijapani inayobadilisha rangi majira ya baridi yakikaribia. Miti ya kwao nje ya dirisha wakaipita kama takataka. Baadaye ndipo wengine wakaanza kujiuliza, kwa nini tusijaribu hii yetu? Leo mkusanyiko wao wa taifa wa bonsai, ulioko kwenye hifadhi ya miti ya Canberra iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2013, una miti ya kienyeji imesimama bega kwa bega na ya Kijapani.

Sisi Nairobi tulifanya kinyume. Sisi miti ya nje tuliikumbatia mpaka tukasahau ni ya nje.

Mgome-karatasi wenyewe sijawahi kuuona ukiuzwa barabarani hapa. Lakini binamu yake unamjua, na pengine ulishawahi kumpiga picha. Ni ule mti wa maua mekundu yanayofanana kabisa na brashi ya kuoshea chupa, matawi yakiinama kama nywele za mtu aliyetoka kuoga. Wauza miche huuita botobrashi. Umejaa kwenye mageti, kwenye maua ya ofisi, kandokando ya barabara za mitaa ya kitajiri. Wataalamu wengi wa mimea siku hizi wanauweka kwenye ukoo huohuo wa Melaleuca, ingawa wako wanaobisha, na wakibishana hao watu wa majina ya Kilatini utafikiri ni mechi ya Gor na Ingwe. Sisi tuchukulie ni damu moja.

Na hiyo botobrashi ni mgeni mdogo tu. Wageni wakubwa kutoka Australia walifika hapa kwa sababu ya njaa. Njaa ya garimoshi.

Reli ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika hapa palipokuwa kinamasi cha Wamaasai mwaka 1899, na mwisho wa 1901 ikagusa ziwa kule Kisumu. Injini zile zilikuwa za mvuke, na zilikula kuni. Si kuni za kupika ugali, ni kuni za kusukuma tani na tani za chuma kupanda mpaka ukingo wa Bonde la Ufa. Misitu ya asili kandokando ya reli ikaanza kuliwa. Mti wa kienyeji kama mutarakwa ama mzeituni wa porini huchukua muda mrefu sana kukua, na garimoshi halina subira. Kwa hivyo mwaka 1902 mikaratusi ikaletwa nchini, ile tunayoiita blugamu, ili ikue haraka, ikatwe, ichomwe, ichipue, ikatwe tena.

Mwaka 1907 wakaanzisha Arboretum. Wewe unaijua kama mahali pa kupeleka mtu deti ukiwa huna doo, lakini haikuanzishwa kwa ajili ya mapenzi. Ilikuwa shamba la majaribio, kama hekta 30, la kuona ni miti gani ya kigeni itakubali hewa ya Nairobi na kukua upesi. Miti ile mirefu unayokalia kivuli chake ukila njugu ilikuwa kwenye interview. Waliopita wakapewa kazi nchi nzima.

Na si Kenya peke yake. Jirani zetu Waethiopia walitutangulia. Menelik wa Pili alipoweka mji mkuu wake Addis Ababa, watu walikata kuni milima ikabaki upara, mpaka kukawa na mpango wa kuuhamishia mji mahali pengine. Mkaratusi uliletwa miaka ya 1890, ukashika, na mji ukabaki pale ulipo. Kuna miji inayosimama juu ya dhahabu ama bandari. Addis ilisimama juu ya kuni za Australia.

Hapa kwetu mwingine aliyefuata ni muthanduku, ule mti wa gome la kutengenezea ngozi. Na huu pia asili yake ni Australia, ila ulifika kupitia Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1900. Gome lilisafirishwa ng'ambo kulainisha ngozi za viatu vya watu wengine, mti uliobaki ukawa makaa ya kwetu. Halafu mukima, ama mgrivea, ulioletwa uwape kivuli majani chai na kahawa. Ukienda upande wa juu wa Kawangware, kuelekea Dagoretti, bado utaiona kwenye mipaka ya mashamba yaliyosalia, mirefu, majani kama feni, imepogolewa mpaka imebaki kama nguzo zenye kofia.

Hapo Kawangware kuna jambo ambalo watu wa Kibera huwa hatulifikirii. Mitaa hii miwili inaonekana mamoja ukiwa juu ya ndege, mabati kwa mabati, lakini ardhi yake ina historia mbili tofauti kabisa. Upande wa Dagoretti ilikuwa ardhi ya familia za Wakikuyu. Zamani mpaka ulionyeshwa kwa itoka, lile ua linalofanana na yungi ambalo ukilipanda halihami. Katikati ya miaka ya 1950, wakati wa ile mipango ya kikoloni ya kuunganisha vipande vya mashamba, mipaka ikapimwa upya na watu wakaanza kupewa hati. Na ukishapimiwa, unapanda nini mpakani? Mukima, mkaratusi, kitu kirefu ambacho shemeji yako hawezi kusema hakukiona. Mti wa Australia ukawa sahihi ya Mkikuyu juu ya shamba lake. Baadaye wenye mashamba hayo wakajenga vyumba vya kukodisha, na ndipo tukaingia sisi.

Kumbuka hiyo: mti ni sahihi.

Sasa njoo Kibera. Jina lenyewe linatoka kwa Kinubi, Kibra, maana yake msitu ama pori. Mtaa ambao leo ukitafuta kivuli lazima uombe kwa mwenye kibanda ulipewa jina kwa sababu ya miti. Wanubi walikuwa askari wenye asili ya Sudan waliotumikia jeshi la Waingereza, na kuanzia 1904 hivi walianza kuruhusiwa kukaa hapo na familia zao. Mwaka 1918 eneo hilo likatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya kijeshi, zaidi ya ekari 4,000. Walijenga, walilima, wakafuga, walizika wazazi wao. Lakini hati hawakupewa. Waliitwa wapangaji wa serikali, watu waliokaribishwa tu. Ekari zikamegwa kidogo kidogo, mitaa mipya ikajengwa pembeni, na serikali huru ilipochukua nchi ikasema hiyo ni ardhi ya serikali. Mpaka Juni 2017 ndipo jamii ya Wanubi ikapewa hati ya pamoja, ya ekari 288. Piga hesabu mwenyewe, kutoka elfu nne na kitu mpaka 288, na karibu miaka mia moja katikati.

Msitu wenyewe pia ulimegwa. Ule wa Ngong Road ulitangazwa hifadhi mwaka 1932, na tangu hapo ukakatwa upande huu kwa uwanja wa mbio za farasi, upande ule kwa nyumba, na juzi juzi Southern Bypass ikaupasua. Sehemu ya ulichobaki nacho ni mikaratusi iliyopandwa kwa mistari kama wanafunzi kwenye paredi.

Ndiyo maana mimi huwa sishangai kuona Kibera haina miti. Watu husema ati sisi hatupendi mazingira. Hebu jaribu kuchimba shimo nje ya mlango wako uone. Caretaker atafika kabla mche haujamwagiliwa. Atauliza, kwa nini unapanda? Unataka kukaa hapa milele? Na swali lake lina akili. Kwenye nchi hii mpangaji hapandi mti. Sukuma wiki anaweza, mchicha anaweza, maboga akibembeleza. Lakini mti unaodumu ni kusema "hapa ni kwangu", na mwenye ploti anaelewa hiyo lugha vizuri kwa sababu babu yake aliitumia. Kibera ni ngumu zaidi, maana hata mwenye nyumba anayekutoza kodi wengi wao hawana hati ya ardhi iliyo chini ya nyumba. Ana mabati na kuta. Akiuona mti wako anaona kesi.

Kwa hivyo watu wakahamia kwenye vyombo. Usinitajie Japani kwanza, ngoja niongee juu ya gunia. Baada ya vurugu za uchaguzi wa mwisho wa 2007, vyakula vilipanda bei na njia za kuleta mboga zikafungwa. Mwaka 2008 shirika la Kifaransa la Solidarités likaanza kusaidia watu wa Kibera kulima kwenye magunia. Unajaza udongo na samadi, katikati unatengeneza mnara wa mawe wa kupitisha maji, unatoboa ubavuni, unapanda sukuma kila tundu. Gunia moja, mguu wa mraba mmoja, mboga za familia. Ukifukuzwa unaliburuta. Wengi waliendelea hata mradi ulipoisha. Hiyo ni teknolojia ya watu wasio na ardhi, na iko kwenye barabara ileile ya fikra na bonsai. Tofauti ni kwamba sukuma unaila wiki hii.

Halafu waangalie wauza miche wa Ngong Road, na wale wa Naivasha Road ukishuka kutoka Kawangware. Hao jamaa wana msitu mzima, kutoka mche wa parachichi mpaka mnazi wa mapambo wa kumzidi mtu kimo, na hawamiliki hata inchi ya udongo. Wako kwenye hifadhi ya barabara. Kila kitu kiko kwenye karatasi nyeusi ya plastiki, kopo la rangi, ndoo iliyovunjika mkono, tairi. Ngong Road ilipopanuliwa walisogezwa, na walisogea na miti yao. Linganisha na Julai 2018, barabara mpya ilipopitishwa katikati ya Kibera kuunganisha Langata na Ngong Road. Watu kama 30,000 walibaki bila makao. Tingatinga zilifika asubuhi, na kila mtu alibeba anachoweza kubeba: godoro, meko, runinga. Aliyekuwa amepanda kitu ardhini alikiacha ardhini.

Sasa ndiyo nikupeleke Japani.

Kwanza, si Japani iliyoanza. Wachina walikuwa wakitengeneza milima na miti midogo kwenye sinia zamani sana. Kuna kaburi la mwanamfalme mmoja wa China, Zhanghuai, la mwaka 706, ambalo ukutani kumechorwa mtumishi amebeba sinia lenye mimea na vijiwe. Japani waliichukua, wakaipa adabu zao, na neno lenyewe bonsai maana yake ni kilichopandwa kwenye chombo. Basi. Hakuna dini hapo, hakuna karate. Ni mmea na chombo.

Stori ninayoipenda kuliko zote ni ya msonobari mmoja. Ulianza kulelewa kwenye chungu tangu 1625, ukarithishwa kizazi kwa kizazi katika familia ya Yamaki, Hiroshima. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu la nyuklia lilipoangushwa, nyumba yao ilikuwa kama kilomita tatu kutoka pale. Bustani ilikuwa na ukuta mrefu. Msonobari ukapona. Mwaka 1976 familia hiyo iliutoa zawadi kwa Marekani, nchi ileile iliyoangusha bomu, na ukapelekwa Washington bila maneno mengi. Ilikuwa mpaka mwaka 2001, wajukuu walipokwenda kuuangalia, ndipo waliokuwa wakiumwagilia maji kila siku wakajua umepitia nini. Mti wa kimo cha mtoto, wenye umri wa karibu miaka mia nne, umevuka bahari kwa sababu mizizi yake ilikuwa kwenye chombo.

Kuna wanaosema bonsai ni kuutesa mti. Nimeambiwa hivyo mara nyingi, hasa na watu ambao ua la nyumbani kwao limekatwa kama keki. Mti wa chunguni ukiteswa unakufa, na unakufa haraka. Kuukata mizizi na matawi ni kama kunyoa: ukifanya wakati wake unarudi na nguvu. Kinachotesa miti ni kuipanda mahali pasipo pake halafu kuilaumu.

Na hapo lazima turudi kwa mikaratusi, maana sitaki udhani nasifia tu Australia. Wakikuyu wana jina lingine la mkaratusi, munyua maai, mnywa maji. Ulipopandwa kando ya chemchemi na vinamasi kwa sababu unakua haraka na nguzo zinauzwa, maji yakaanza kupungua, na kelele zikapanda. Wangari Maathai aliupinga kwa miaka. Mwaka 2009, ukame ukiwa umeshika nchi, waziri wa mazingira John Michuki akaamuru mikaratusi iliyo kwenye vyanzo vya maji ing'olewe. Wakulima wakalalamika, kwa sababu huo mti ndio ulikuwa karo. Wote walikuwa na haki, na hiyo ndiyo huwa shida. Mti haukujipanda wenyewe mtoni. Uliletwa na reli iliyokuwa na haraka, ukaenezwa na soko lenye haraka zaidi, halafu lawama ikabaki na majani.

Mgome-karatasi wenyewe una kesi mbaya zaidi, kule Florida, Marekani. Uliletwa mwanzoni mwa karne iliyopita, na miaka ya 1930 mbegu zake zilimwagwa kutoka kwenye ndege ili ukaushe vinamasi vya Everglades, watu wapate ardhi ya kujenga. Ulikubali kazi. Ukajaa, ukafukuza nyasi na ndege, na mwaka 1997 wakaagiza mdudu kutoka Australia aje aule. Kwa hivyo mtu akikuambia huo ni mti mbaya, mwambie inategemea uko ardhini ama kwenye beseni. Kwenye beseni, mkasi ukiwa karibu, hauendi popote.

Nairobi huhitaji kuutafuta. Chukua botobrashi. Angalia tawi lake la mwaka jana, pale mahali ua lilipokuwa: utaona vijidude vigumu kama shanga vimeshikilia mti kwa mstari. Hizo ni mbegu, na mti huzibana humo kwa miaka ukisubiri moto wa porini ambao hapa Nairobi hautakuja. Omba kijitawi kwa askari wa geti, kiweke kwenye bahasha, kiache mahali pakavu. Baada ya siku kadhaa shanga zinafunguka na unapata vumbi la kahawia. Hilo vumbi ndilo mbegu. Usizifukie. Zinyunyize juu ya udongo laini kwenye kopo lililotobolewa chini, kaa kopo kwenye sahani ya maji ili udongo unywe kutoka chini, maana ukimwagilia juu mbegu zote zitakimbilia kona moja.

Kama huna subira ya mbegu, nunua mche, lakini usinunue ule mrefu mzuri ambao muuzaji atakuonyesha kwanza. Muulize ule uliosahaulika nyuma, uliopinda, uliokatwa na mbuzi. Shina lake ni nene na bei anakushushia, kwa sababu kwake huo ni hasara. Ukate ufike chini ya goti, uchipue upya, uchague matawi mawili matatu. Kama unataka kupinda tawi, tumia waya tawi likiwa bado changa, na uukague kila wiki, kwa sababu gome hili linaumbuka na waya ukizama alama haiondoki. Maua yakishaisha, kata ncha. Kila baada ya mwaka ama miwili, mvua za Machi zikikaribia, utoe kwenye chombo, upunguze mizizi, urudishe na udongo mpya. Chombo chochote kilicho na tundu. Sufuria iliyotoboka inatosha kabisa, na mtaani hizo hazikosekani.

Mahali pa kuuweka ndiyo kesi. Mti huu unataka jua, na ndani ya mabati unakufa. Kuna wanaoweka juu ya choo cha ploti, kuna wanaoning'iniza kwenye ukuta kwa waya wa matairi, kuna jirani yangu anayeutoa asubuhi na kuuingiza usiku pamoja na jiko na ndala. Caretaker wake alipouona mara ya kwanza aliuliza lile swali lake, unapanda mti kwani unataka kukaa hapa milele? Jamaa akaunyanyua kwa mkono mmoja, akamwonyesha chini ya kopo. Udongo ulikuwa wake, ameununua hapo Naivasha Road.